Wali Ambao Hukuula

Shufaa, mke mwenzangu,

Shikamoo yako nitaiitikia kesho mlangoni, kwa hiyo sipotezi wino kwa salamu. Anayeandika hapa ni mama yako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha kwamba hatapunguza neno wala hataliremba. Ameshaanza ubishi. Ameniuliza, "Mama, hili la mke mwenzangu niandike hivyo hivyo?" Nimemwambia andika. Babu yako alikuoa siku ile ulipotolewa nje, akakufunika kanga mpya, akanigeukia mimi akasema, "Wewe umeshazeeka, nimepata mwingine." Mungu amrehemu mume wetu. Alikuwa na maneno.

Wewe saa hizi uko Magamba kuwaaga shangazi zako, na najua watakuchelewesha kwa chai na masimulizi. Ndiyo maana nimeuchagua muda huu. Ukungu umeanza kuteremka kutoka msituni, kuku wameingia, na begi lako liko hapa mlangoni limefungwa kamba kama mfungwa. Nalitazama na nashindwa kuliamini. Begi la Shufaa! Shufaa anakwenda Morogoro kusomea kupima ardhi za watu!

Mambo ya sabuni, ya kuficha hela, ya kutozoeana haraka na watu usiowajua, hayo mama yako atakueleza mpaka masikio yakuume. Mimi siyasemi. Nataka kusema la mkono wako. Kesho kabla hujafika Morogoro unapita Tanga, mahakamani, na kwa mara ya kwanza utasimama kwa jina lako mwenyewe. Mpaka hapa mimi ndiye niliyekuwa nikisema kwa niaba yako, kwa kuwa ulikuwa mtoto. Sasa umekuwa mtu mzima, na wakili amesema kesi imehamia mikononi mwako. Unaweza kuiendeleza, unaweza kuifuta. Ukisema basi, ni basi, na hakuna wa kukulazimisha, hata mimi. Lakini kabla hujafungua mdomo, nataka uwe na yote niliyonayo mimi. Mengi umeshayasikia vipande vipande. Leo nayaweka pamoja.

Ulizaliwa siku ya Idd. Mama yako alishikwa uchungu alfajiri, tukamshusha kwa gari la mboga, amelala juu ya makabichi ya watu, na dereva anaimba kaswida ili asisikie kinachoendelea nyuma. Hospitali yenyewe sitaitaja. Unaijua. Tulipofika, wafanyakazi wengi walikuwa wamekwenda kula sikukuu. Wodi ya wazazi ilikuwa na nesi mmoja tu, Veronika, kwa sababu yeye ni Mkristo na Idd haikuwa yake. Na kina mama walijaa.

Sasa sikiliza nilichofanya mimi. Nilimwinamia mama yako nikamwambia sikioni, "Saumu, usinitie aibu. Wanawake wa kwetu hawapigi kelele." Maneno hayo niliambiwa na mama yangu, naye aliambiwa na mama yake. Kwetu huku mwanamke anayezaa anang'ata kanga. Anayelia, wenzake watamtania mpaka mtoto ameota ndevu. Basi mama yako akang'ata kanga. Kwenye kitanda cha jirani kulikuwa na binti mmoja kutoka mashamba ya chai, anapiga mayowe, anamtukana mume wake na ukoo mzima wa mume wake. Nikajisikia fahari. Nikasema moyoni, wangu amefunzwa.

Nesi alikuwa anakimbilia kelele. Angekimbilia nini kingine? Mtu mmoja, vitanda vimejaa. Na wangu amenyamaza, anakufa kimya kimya na heshima yake.

Mama yako ameweka kalamu chini. Sasa ameishika tena, amesema niendelee.

Nesi alipomfikia, kichwa chako kilikuwa kimeshatoka na bega limekwama. Ulikuwa mtoto mnene, mabega ya babu yako. Mimi niliambiwa nisubiri nje, nikasikia tu viatu vinakimbia, kisha kimya, kisha ukalia. Nikamshukuru Mungu kwa sauti mpaka walinzi wakacheka. Walipokuleta, mkono wa kulia unarusha ngumi, mkono wa kushoto unaning'inia kama kanga mbichi kwenye kamba. Nikamuuliza nesi, "Huu vipi?" Akatazama sakafu. Kesho yake akaja bwana mkubwa wa hospitali, koti jeupe, kalamu mfukoni, akaniambia, "Bibi, mtoto amezaliwa hivyo. Ni mapenzi ya Mungu. Mkono utakaa sawa wenyewe."

Mtu akishakutajia Mungu, na wewe umevaa kandambili na yeye amevaa koti, utasema nini? Nilisema alhamdulillahi, nikakubeba, tukapanda.

Hujatimiza arobaini, nikaona gari linapanda hapa kwetu. Yule bwana mkubwa, na nesi Veronika nyuma yake amekumbatia kanga doti moja ya kumpa mama yako. Wamekuja na gunia la mchele na sukari. Bwana akakaa pale anapokaa paka siku hizi, akasema maneno mazuri sana, kwamba wao na sisi ni ndugu, kwamba hospitali ni ya watu wote, kwamba kama kuna mahali tumekwazika tusamehe. Babu yako akanitazama. Mimi nikaenda kuchinja jogoo.

Nilichinja jogoo, Shufaa! Sikujiuliza hata kidogo: kama mtoto amezaliwa hivyo, kama ni mapenzi ya Mungu, mbona watu hawa wamepanda mlima na gunia?

Nikapika wali wao, tukala sinia moja. Na unajua kwetu, mkishatia mikono sahani moja baada ya mkwaruzano, neno limezikwa. Atakayelifukua, aibu ni yake na watoto wake. Yule bwana alikula vizuri, akalamba vidole. Nesi alikuwa anausukuma wali pembeni ya sinia, anaurudisha, anausukuma tena. Nilidhani ni mtu wa kudeka. Nilimwambia, "Kula mwanangu, hapa ni kwenu." Akatia tonge moja mdomoni akalimeza bila kutafuna.

Basi tukanyamaza. Miaka yote ile ulipokuwa unatambaa kwa kiwiko kimoja kama nyoka aliyekanyagwa, tulinyamaza kwa sababu ya wali.

Na mimi nikaongeza la kwangu. Nilikuwa nakufunika. Mgeni akibisha hodi, navuta kanga naufunika mkono wako. Nilidhani nakusitiri. Siku moja, ulikuwa mdogo hata darasa la kwanza bado, alikuja mama wa jirani kuomba moto, nikakuona mwenyewe umekimbilia kanga, umejifunika, umekaa kimya kama uliyeiba. Hakuna aliyekuambia. Nilisimama pale na upawa mkononi nikaona nimekufundisha kitu ambacho sikukusudia kukufundisha. Tangu siku hiyo sikukufunika tena, lakini wewe ilikuchukua muda mrefu kuacha. Mpaka leo kwenye picha unageuka upande. Nakuona. Kesho hakimu akitaka kuuona mkono, uvue sweta, usigeuke.

Lakini yapo mambo niliyoyaona kwako ambayo sijui niyaweke wapi. Nakumbuka nilikukuta juu ya mpeasi wa babu yako, juu kabisa kule kwenye matawi membamba, unachuma mapeasi na kuyatia ndani ya gauni ulilolishika kwa meno. Nilitaka kupiga kelele nikaogopa utashtuka. Nikasimama chini nimefungua mikono yangu kama mjinga, nakutazama. Ulikuwa unakumbatia shina kwa miguu, mkono mmoja unachuma, ule wa kushoto umeuegemeza kwenye tawi, unautumia kama nguzo. Hakuna mtu aliyekufundisha. Ulipoteremka ukaniambia, "Bibi, mbona umekaa hivyo kama unadaka mvua?" Na namna unavyofunga kilemba! Mkono mmoja, meno, na ukuta. Watu wenye mikono miwili wanatoka nyumbani vilemba vimepinda, wewe chako kimekaa kama umefungiwa na malaika. Nimekutazama miaka yote hiyo asubuhi kwa asubuhi na sijachoka kutazama.

Sasa nije kwa wakili.

Siku moja, ulipokuwa bado mtoto, tulikuwa sokoni Soni na karoti zetu. Walikuja watu wa msaada wa kisheria, wakafunga turubai karibu na mahali pa kupakilia mboga, wanatangaza kwa kipaza sauti kwamba ushauri ni bure. Mimi nilikwenda kwa ajili ya Mzee Salimu, aliyekuwa anausogeza mpaka wetu kila anapolima. Wewe ulikuja nyuma yangu na kapu. Nikamkuta yule binti, wakili Upendo, mdogo, ungesema bado anasoma. Akasimama.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

"Baba yangu alitoka Njombe kuja kuchuma chai Mponde. Nimezaliwa hapo juu."

"Kumbe wa kwetu. Basi sikiliza, kuna mzee anakula shamba langu."

Nikamweleza mpaka, nikamweleza mti wa alama uliokatwa, nikamweleza tabia za Mzee Salimu tangu ujana wake. Alisikiliza yote. Kisha akasema, "Bibi, la mpaka nimelisikia na tutalishughulikia. Huyu mjukuu mkono umepatwa na nini?"

"Huyo amezaliwa hivyo."

"Alizaliwa nyumbani?"

"Hospitali. Mwanangu, mimi nimekuja na mpaka."

"Najua, bibi. Baada ya kuzaliwa mliambiwa mumpeleke mazoezi? Mlielezwa kwamba mkono wa namna hii mtoto akishughulikiwa mapema unaweza kupata nafuu kubwa?"

Nilimtazama. Wewe ulikuwa unakula karoti, huna habari. Nikamwambia hapana, hatukuambiwa. Tuliambiwa utakaa sawa wenyewe. Halafu nikamwambia, kwa sababu sikutaka ahangaike bure, "Na hata kama kulikuwa na neno, limeisha. Tulishakula nao."

Hakucheka. Wengine wangecheka, lakini huyu amekulia Mponde, anajua kula nao maana yake nini. Akavuta kiti chake karibu na changu, akasema, "Bibi, ulisamehe. Ni haki yako kusamehe, na Mungu akulipe. Lakini ulisamehe kilicho chako. Mkono si wako. Ni wa huyu, na huyu hajaulizwa."

Nilikaa pale mpaka karoti zikanyauka. Nikamwambia, lakini miaka imepita. Akasema kwa mtu mzima ingekuwa shida, muda ungekuwa umemwishia. Kwa mtoto, sheria inamsubiri mpaka akue.

Shufaa, nimesikia mambo mengi katika maisha yangu. Nimesikia mawaidha, nimesikia hotuba za wakubwa, nimesikia redio. Sijawahi kusikia neno lililonikaa kama lile. Sheria inamsubiri mtoto akue! Mimi nilidhani sheria ni kitu cha kukamatia wezi wa ng'ombe. Kumbe kuna watu walikaa mahali, hawakujui, hawajui kwamba kuna Usambara, wakamfikiria mtoto ambaye hawezi kusema, wakasema basi, tumngoje. Nilirudi nyumbani nakutazama kwa nyuma unavyopanda mlima na kapu lako kichwani, nikajisemea, huyu anasubiriwa. Wakati mimi nimemfunika kanga, kuna kitu kimekaa kinamsubiri.

Wakili akasema atahitaji mtu wa kueleza kilichotokea mle ndani. Mama yako alikuwa amezirai, mimi nilikuwa nje. Nikajua ni nani.

Nesi Veronika alikuwa ameshastaafu, ana kibanda cha mboga Soni na chumba nyuma yake. Nilikwenda peke yangu. Alinitambua kabla sijakaa. Akaniamkia, akanipa kigoda, akaleta chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha. Nikaitazama ile chai. Nina kiu, nimeteremka mlima mzima. Sikuigusa.

Akasema, "Mama Saumu, hunywi chai yangu?"

Nikamwambia, "Nikiinywa nitanyamaza tena."

Akakaa chini, mkekani. Akasema, "Basi usinywe, mama. Sema."

Nikamuuliza ilikuwaje. Naye akasema yote, bila kuomba muda wa kufikiri, kama mtu aliyekuwa amekaa mlangoni miaka yote ile anangoja nibishe. Kwamba alikuwa peke yake. Kwamba daktari wa zamu alipigiwa simu, akasema anakuja, hakuja. Kwamba alikuwa anakimbilia wanaopiga kelele, na mama yako hakupiga. Kwamba bega lilipokwama ulikuwa unabadilika rangi, akavuta kichwa, na akahisi kitu kimeachia shingoni. "Nilikisikia kwa mikono yangu hii," akaniambia, akainyoosha nione. Akasema, "Kuvuta nilivuta kwa hofu, angekufa. Nimemwomba Mungu kwa hilo, naamini amesikia. Lakini kuna lile la pili. Nilijua huyu mtoto anatakiwa kupelekwa mazoezi mapema, na nikaja nyumbani kwako nikala wali wako nikanyamaza. Niliambiwa nikisema nitafungwa peke yangu. Mama, tonge lile halijashuka mpaka leo."

Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikashindwa. Nilimtazama nikaona tumelingana, wote wawili tumenyamazishwa na wali mmoja, yeye kwa kuogopa na mimi kwa adabu. Nikamwambia, "Utakuja kuyasema haya mbele za watu?" Akasema wakili akimweleza vizuri kwamba aliyemwacha peke yake ndiye wa kujibu, atakuja. Na hata asipoelezwa, akasema, atakuja. Chai ikapoa pale katikati yetu. Mimi sikuinywa na yeye hakuinywa. Kuanzia siku ile tunasalimiana sokoni, tunaulizana hali, lakini hatujala pamoja.

Yaliyofuata unayakumbuka mwenyewe. Unakumbuka yule daktari aliyetuchorea shingo kwenye karatasi, akatuonyesha nyuzi zinazotoka uti wa mgongo kwenda mkononi, akasema nyingine ni nyembamba kama uzi wa kushonea. Wewe uliuliza maswali ya shule. Mimi nilikuwa nashangaa tu. Kwamba nyanyua kikombe, punga mkono, mkumbatie bibi yako, yote yanapita kwenye uzi! Nilitoka pale natembea polepole, naogopa kukata kitu ndani yangu.

Na unakumbuka mara ya kwanza mahakamani, nilivyokushika gauni. Niliogopa watatucheka. Karani akasimama akaita jina lako lote, na la baba yako, na la babu yako. Chumba kizima kikanyamaza kulisikiliza. Hakimu akainua uso akakutafuta kwa macho. Mtu mzima na miwani yake, na nyuma yake kuna picha ya rais, anamtafuta mtoto wa Saumu aliyekuja na gari la makabichi. Mama yako alipoitwa kueleza, yule niliyemfunza kung'ata kanga, alisimama akasema kwa sauti iliyofika mlangoni, "Niliumia na sikusema, kwa sababu nilifunzwa nisiseme. Leo nasema." Nimekaa naye nyumba moja tangu nimzae na sikuwa najua ana sauti ile.

Hapa anataka kufuta. Nimemwambia akifuta nitamwita Mzee Salimu aje aandike.

Nimebakiza la wiki iliyopita. Ulikuwepo, lakini hujui lilivyokuwa kwangu.

Gari likapanda tena. Bwana mkubwa yule yule, sasa ana mvi, na gunia jingine la mchele. Akakaa pale pale. Akasema kesi zinachosha, watu wa Tanga hawatujui, tuyamalize kwetu, kwa mila zetu, kiutu uzima. Nilimkaribisha, nikampa maji ya kunywa. Chungu sikuinjika. Mgeni amekaa sebuleni kwangu na jiko langu limepoa. Hujui ilivyoniuma. Mikono ilikuwa inawasha, jogoo anapita mlangoni ananitazama. Mama yangu angefufuka anipige makofi. Yule bwana akasubiri, akaona moshi hautoki, akasema, "Bibi, sisi tulishakula nyumba hii. Umesahau?"

Nikamwambia, "Sijasahau. Tulikula, na mkono haukunyooka."

Lakini sauti yangu ilikuwa inatetemeka, na yeye alisikia. Akatabasamu. Akaanza tena na ndugu, na Mungu, na utu uzima. Nilikuwa nakaribia kusimama kwenda jikoni, mke mwenzangu. Naapa. Mguu mmoja ulikuwa umeshaondoka.

Ndipo ukatoka chumbani. Huna sweta. Mkono wako wazi kama ulivyo. Ukapiga goti vizuri, kama tulivyokufunza. "Shikamoo baba." Akaitikia. Ukasema, "Baba, wali wa siku ile mimi sikuula. Sikuwa na meno."

Ukasimama, ukamletea viatu vyake.

Sikulala usiku ule. Nilikuwa nacheka peke yangu kitandani, na nalia, na nacheka. Maneno ambayo wakili alinieleza na mimi nikayabeba miaka yote bila kujua pa kuyashika, wewe uliyashika na kuyaweka mezani kama mtu anayeweka kikombe. Nilikufundisha kujifunika. Nilimfundisha mama yako kunyamaza. Hilo la kusema ulilitoa wapi? Sijui. Nimekuzaa kupitia mama yako, nimekulea, nimekuosha, na sijui ulikotoka.

Basi kesho. Sikuambii uendelee na kesi. Watu wa hospitali watakuwepo, na wakili wao atakuwa na maneno matamu kuliko gunia la sukari. Huenda ukachoka. Huenda ukaona wanachotoa kinakutosha ukasema basi, na mimi nitaitikia basi, na hakuna siku nitakayokulaumu. Ninachokuomba ni kimoja. Usiseme basi kwa ajili ya adabu. Usiseme basi kwa sababu mtu mzima amekutazama kwa huruma, au kwa sababu bibi yako aliwahi kuchinja jogoo. Ukisema basi, iwe umeulizwa wewe na umejibu wewe.

Na huko Morogoro ukiumia, piga kelele. Piga kama yule binti wa mashamba ya chai. Mtoto wake, nimesikia, ana mikono miwili mizima na anacheza mpira. Ukishajua kupima, urudi uupime mpaka wa Mzee Salimu, maana yule bado.

Nesi Veronika atapanda basi lako pale Soni. Ameitwa kutoa ushahidi, na ameniambia jana sokoni kwamba hajala vizuri wiki nzima. Nimempikia. Alfajiri utakuta hotipoti juu ya begi lako. Ni wali, mchele wangu nilionunua mwenyewe, na yule jogoo aliyekuwa ananitazama. Hotipoti ni moja na vijiko nimeweka viwili. Mkifika Mombo fungueni, mle pamoja, chombo kimoja. Mwambie nimesema ale mpaka ashibe, tonge lile la zamani lipate kushuka.

Mkimaliza, mnawe mikono, mwende mkaseme. Kwetu watu wakishakula hivyo ndiyo mwisho wa maneno. Nyinyi mle, halafu ndiyo muanze.

Mama yako ananiletea wino wa muhuri niweke dole gumba langu hapa chini. Limechakaa kwa jembe, mistari haionekani vizuri, lakini ni langu.

Kula vizuri, mke mwenzangu. Safari hii meno unayo.